Kalamu ya Mwungwana: Lady Anne Barnard na Michoro Yake ya Rasi, 1797–1802

Katika Kiswahili cha zamani, mwungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na neno lenyewe lilipata uzito kwa sababu mtumwa alikuwepo karibu, jikoni au shambani. Naona ni neno linalomfaa Lady Anne Barnard, mwanamke wa Kiskoti aliyekaa Cape Town kuanzia Mei 1797 hadi Januari 1802, akaandika barua na shajara nyingi, na akachora karibu kila kilichopita mbele ya macho yake. "Lady" si jina la kuzaliwa. Ni cheo alichokuwa nacho kwa kuwa binti wa Earl wa Balcarres. Tungeweza kumwita Bibi Anne tukaendelea na safari, lakini cheo hicho ndicho kilichompeleka Rasi ya Tumaini Jema, ndicho kilichompa mahali pa kuketi na kuchora, na ndicho kilichompatia watu wa kumbebea mizigo alipotaka kupanda mlima.

Mwenzangu mmoja darasani aliposikia mada yangu aliguna. Alisema tumechoka kuisoma Afrika kwa macho ya mabibi wa Kizungu, na kwamba karatasi ya insha ya Kiswahili ina kazi nyingine. Namheshimu kwa hoja hiyo, na nusu yake naikubali. Ila michoro ya Lady Anne ni ushahidi, na ushahidi hautupwi kwa sababu shahidi hatumpendi. Tunachopaswa kuuliza ni shahidi alikuwa ameketi wapi alipoona alichokiona, na nani alikuwa amesimama nyuma yake.

Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1750 huko Balcarres, katika jimbo la Fife, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto kumi na mmoja. Ukoo wake, Lindsay, ulikuwa na jina kubwa kuliko mfuko wake. Akiwa na umri kama wetu sisi wanafunzi, miaka ishirini na kitu, alitunga utenzi mfupi wa kuimbwa uitwao "Auld Robin Gray", unaosimulia habari za msichana aliyeolewa na mzee kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake huku mpenzi wake akiwa baharini. Wimbo ulienea Uingereza nzima, na mwenyewe akanyamaza. Alikaa na siri hiyo kwa takriban miaka hamsini, hadi alipomkiri mwandishi Walter Scott mwaka 1823 kwamba ni wake. Mwanamke wa daraja lake hakutarajiwa kuuza maneno sokoni. Tulikumbuke jambo hili tunapofika kwenye michoro, kwa sababu nayo haikuchorwa kwa ajili ya soko.

Aliishi London miaka mingi bila kuolewa, akiwakataa wachumba waliomtaka, na mwaka 1793, akikaribia miaka 43, akaolewa na Andrew Barnard, mtoto wa askofu, mdogo kwake kwa takriban miaka kumi na miwili na asiye na mali. Watu wa tabaka lake walishangaa. Yeye hakujali sana, ila njaa ya heshima haishibi kwa mapenzi: mume alihitaji kazi. Lady Anne akamwandikia rafiki yake wa siku nyingi, Henry Dundas, waziri aliyeshika mambo ya vita, akamkumbusha na kumkumbusha tena, mpaka Andrew akapewa ukatibu wa koloni jipya la Rasi. Kwa lugha ya mtaani, mama alimtafutia mume kazi kwa kujuana. Barua zake ndefu kwa Dundas kutoka Cape Town zilikuwa, kwa sehemu, malipo ya fadhila hiyo. Zilichapishwa mwaka 1901, wahusika wote wakiwa wamelala makaburini.

Rasi aliyoikuta ilikuwa imebadilisha mikono juzi tu. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, maarufu kwa herufi zake VOC, iliweka kituo pale mwaka 1652 ili meli zake ziendazo Asia zipate maji, mboga na nyama. Kituo kikawa mji, na mji ukazaa mashamba ya ngano na mizabibu yaliyowasukuma Wakhoikhoi kutoka kwenye malisho yao. Mwaka 1795 Waingereza waliiteka Rasi ili isiangukie mikononi mwa Wafaransa waliokuwa wameikalia Uholanzi. Gavana mpya, Lord Macartney, yule aliyewahi kutumwa kwa mfalme wa China, alisafiri kwa meli moja na akina Barnard mnamo Februari 1797, na wakatia nanga mwanzoni mwa Mei. Mke wa gavana alibaki Uingereza. Kwa hiyo mke wa katibu ndiye aliyekuwa bibi mkubwa wa ngome.

Hapa naomba msomaji anivumilie niseme habari ya pwani yetu, maana bila hiyo picha ya Cape Town haikamiliki. Kuanzia 1658 mji ule uliendeshwa kwa nguvu za watumwa. Hadi biashara ya kuwaingiza ilipopigwa marufuku mwaka 1808, watu wanaokadiriwa kufikia 63,000 walikuwa wameletwa Rasi kutoka Bara Hindi, visiwa vya Indonesia, Madagaska na pwani ya mashariki ya Afrika, na karibu robo yao walitoka upande wetu huu. Mwaka 1793, miaka minne kabla Lady Anne hajafika, watumwa wa walowezi walizidi 14,000, na kwa idadi waliwapita kidogo walowezi wenyewe. Kati ya 1776 na 1778 meli za VOC zilifika hadi pwani ya Waswahili kutafuta watu wa kununua. Baadaye meli za Kireno zilizowapakia watu Msumbiji kuwapeleka Brazil ziliegesha Cape Town kupata maji, na baadhi ya waliokuwa ndani waliuzwa palepale. Mji uliwaita Masbieker, jina lililokatwakatwa kutoka Mozambique. Mimi natoka kaskazini mwa Msumbiji, ambako Kiswahili hakikomi kwenye ukingo wa mto Ruvuma kama ramani inavyodai, na neno hilo Masbieker nilipolikuta kwa mara ya kwanza kitabuni sikulipita haraka.

Basi turudi ngomeni. Ngome ya Rasi ilijengwa na VOC kati ya 1666 na 1679 kwa umbo la nyota yenye pembe tano, na ndani yake akina Barnard walipewa nyumba kubwa iliyokuwa ya magavana, kwa kuwa Macartney hakuitaka. Kazi ya Lady Anne ilikuwa ya siasa ingawa iliitwa ukarimu. Walowezi wa Kiholanzi walikuwa wamenuna, na maafisa wa Kiingereza waliwadharau waziwazi. Yeye alifanya karamu na dansi, akawaalika mabibi wa Kiholanzi pamoja na maafisa vijana, akajitahidi kuwaonyesha kwamba washindi hawali watu. Ukumbi mmoja wa ngome ile bado unaitwa kwa jina lake. Katika barua zake ni mcheshi, mwepesi wa kuwatania wakubwa, na mkali kwa Waingereza wenzake wenye majivuno. Nakiri kwamba ni vigumu kutompenda unapomsoma. Hilo ndilo linalofanya tahadhari iwe ya lazima, kwa sababu mtu anayetuchekesha hutufanya tusahau kuuliza ni nani aliyewasha mishumaa ya dansi na kuosha vyombo kulipokucha.

Kuchora kulikuwa sehemu ya malezi ya wasichana wa makabaila, pamoja na kucheza kinanda na kusema Kifaransa. Kamera haikuwa imezaliwa. Ingekuja zaidi ya miaka arobaini baadaye. Aliyetaka kuwaonyesha ndugu zake mahali alipo alichukua penseli, wino na rangi za maji. Wengi walichora maua na machweo. Lady Anne alichora zaidi ya hayo. Kazi yake kubwa ni panorama ya Cape Town, yaani mchoro mrefu wa kuzunguka pande zote, uliotazamwa kutoka ngomeni: ghuba na meli zake, paa tambarare za mji, Devil's Peak, Table Mountain yenyewe na Lion's Head. Kwa aliyeketi London asijue koloni lile linafanana na nini, mchoro kama huo ulikuwa sawa na kupelekwa pale kwa mkono.

Lakini tazama mahali ulipochorewa. Ngome ilijengwa ili kuona: anayesimama juu ya kuta zake anaona kila meli inayoingia na kila mtu anayetoka mjini, na mizinga yake ilielekezwa hukohuko macho yanakoelekea. Msanii alisimama pale aliposimama mlinzi. Panorama ile ni nzuri, na wakati huohuo ni ramani ya mamlaka. Mji unaonekana umelala kimya chini ya mlima, kila kitu mahali pake. Hiyo ndiyo sura ya makazi ya kikoloni ukiyatazama kutoka juu ya ukuta.

Michoro midogo ina tabia nyingine. Alitembea na karatasi zake, akachora nyumba za mashambani, magari ya kukokotwa, wakulima wa Kiholanzi, Wakhoikhoi, na watumwa, wake kwa waume, katika mavazi na kazi zao. Humo mkono wake unakuwa mwepesi, kama mtu anayeandika haraka kabla ya kusahau. Hakuwa msanii wa kulipwa na hakuna aliyemwagiza picha. Wachoraji walioagizwa na maafisa au wauza vitabu walijua mteja anataka nini: "mshenzi" aliyesimama kama sanamu, mkuki mkononi, mlima nyuma yake. Lady Anne alimwona mtu akifanya kazi, akamchora akifanya kazi. Si kwamba alikuwa na siasa bora kuliko wale. Mteja wake alikuwa dada yake na rafiki zake, nao walitaka kujua maisha ya kila siku yakoje. Kwa bahati hiyo tumebakiwa na mitindo ya vilemba, mizigo na jinsi ya kuibeba, na miguu isiyo na viatu. Miguu hiyo ni jambo la kulitazama. Huko Rasi mtumwa alitambulika kwa kutovaa viatu, kama ambavyo pwani yetu nayo iliwatambua watu kwa walichoruhusiwa na walichokatazwa kuvaa.

Thamani ya ushahidi huu si nadharia ya darasani tu. Uani mwa ngome kulikuwa na bwawa la kuogelea lenye sanamu ya pomboo arushaye maji. Lilibomolewa na kufukiwa. Karibu miaka mia mbili baadaye watu walipotaka kulijenga upya, walitegemea maelezo na michoro ya Lady Anne. Mkono wa mwanamke aliyekuwa akijiburudisha umewaongoza mafundi wa karne ya ishirini kwenye jiwe na bomba. Kinyume chake, katika bustani ya Kirstenbosch kuna birika la chemchemi ambalo wageni wengi huliita bafu la Lady Anne Barnard. Lilijengwa na Kanali Bird mnamo 1811, miaka tisa baada ya yeye kuondoka, na hakuwahi kutia hata kidole humo. Watu huvutiwa na jina la mwungwana kama nzi kwa asali.

Tukio lake linalosimuliwa sana ni kupanda Table Mountain mnamo Julai 1797. Vitabu vya wageni humsifu kuwa mwanamke wa kwanza wa Kizungu kufika kileleni, na husimulia kwa furaha kwamba alivaa suruali ya mumewe ndani ya gauni. Walipofika juu waliimba wimbo wa mfalme wao. Mimi sina ugomvi na suruali. Ninachokitazama ni msafara wenyewe: mbele mabwana na mabibi wenye fimbo, nyuma yao watumwa wenye chakula, vinywaji na vifaa. Waliobeba walifika kileleni saa ileile, na mgongoni wana mzigo. Hakuna kitabu cha wageni kinachouliza ni nani kati ya watumwa wa Cape Town aliyekuwa wa kwanza kupanda. Wakhoikhoi walioujua mlima ule kabla ya 1652, wakauita Hoerikwaggo, mlima wa baharini, nao hawamo katika mashindano hayo.

Safari ndefu zaidi ilikuwa ya Mei 1798, alipokwenda bara na mumewe na jamaa wawili vijana, kwa gari la kukokotwa, wakilala kwenye mashamba ya walowezi. Walifika Baviaanskloof, kituo cha wamisionari Wamoravia ambacho baadaye kiliitwa Genadendal. Kituo kile kina kisa chake. Mmisionari Georg Schmidt alianza kufundisha pale miaka ya 1730, walowezi wakamchukia kwa kuwabatiza Wakhoikhoi, akaondoka mwaka 1744. Wenzake watatu waliporudi mwaka 1792, karibu nusu karne baadaye, walimkuta mwanamke mzee wa Kikhoikhoi aitwaye Lena ambaye alikuwa angali amelihifadhi Agano Jipya alilopewa na Schmidt. Lady Anne alihudhuria ibada pale na ikamgusa sana. Alivutiwa na unyenyekevu wa wamisionari na utulivu wa waumini waliosongamana mbele yake, akaandika kwa upole usio na mzaha wake wa kawaida, na akachora.

Kwa maoni yangu kurasa za Baviaanskloof ndizo bora katika maandishi yake ya safari, na pia ndizo zinazoonyesha mpaka wake. Anawaona Wakhoikhoi kuwa watu wenye roho, jambo ambalo wenyeji wake wa mashambani usiku uliotangulia huenda wangelicheka. Ila anawaona vizuri zaidi wanapokuwa wamekaa kimya, safi, wamepangwa mistari, wakimsikiliza Mzungu. Mwaka uliofuata, 1799, Wakhoikhoi wengi waliokuwa wakitumikishwa mashambani mashariki mwa koloni waliasi, wakachukua bunduki na farasi, wakaungana na Waxhosa dhidi ya walowezi. Vita hivyo viliendelea hadi 1803. Ngomeni zilifika kama habari za kutia hofu zilizoletwa na wapanda farasi. Hakuna rangi ya maji ya jambo kama hilo.

Wala hatuna sababu ya kudhani kwamba kalamu zote za Cape Town zilikuwa ngomeni. Katika miaka hiyohiyo, mtaani Dorp, aliishi Imamu Abdullah Kadi Abdus Salaam, anayejulikana kama Tuan Guru, mtu wa Tidore aliyeletwa na Waholanzi mwaka 1780 akiwa mfungwa na kuwekwa Robben Island. Alipoachiliwa alifungua madrasa iliyowapokea watumwa na watu huru weusi. Aliandika msahafu kwa kumbukumbu ya moyoni. Wajukuu wa madrasa hiyo walikuja kuandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu walivyoandika Kiswahili. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba Lady Anne ndiye aliyetuhifadhia maisha ya Cape Town, nauliza: maisha ya upande upi wa barabara?

Miaka yake ya mwisho pale nitaipita haraka, kwa sababu ni habari za ofisi na fitina. Macartney aliondoka Novemba 1798. Aliyemfuata baadaye, Sir George Yonge, alikuwa mzee wa makuu na rushwa, akaitwa nyumbani mwaka 1801. Ushawishi wa akina Barnard ulipungua. Walijenga nyumba ya shamba iliyoitwa The Vineyard, ambayo leo ni sehemu ya hoteli, na Lady Anne akafurahia bustani na wanyama wake. Januari 1802 akapanda meli kurudi Uingereza. Kwa mapatano ya Amiens, mwaka 1803 Rasi ikarudishwa kwa Waholanzi, na mwaka 1806 Waingereza wakaichukua tena.

Wakati mwingine namlinganisha na mwungwana wa upande wetu, Sayyida Salme wa Zanzibar, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Wote wawili waliona nyumba za wakubwa kutoka ndani, wote walikuwa na jicho kali kwa mavazi, vyakula na tabia, na wote waliolewa na mtu ambaye jamii yao haikumtegemea. Salme alitetea utumwa wa kwao waziwazi na kuwakemea Wazungu kwa unafiki. Lady Anne hakuwa mtetezi wa namna hiyo. Aliwahurumia watumwa alipowaona wakiteswa. Lakini nyumba zote mbili ziliamka asubuhi kwa mikono ya watumwa, na waandishi wote wawili walipata saa za kuandika kwa sababu kuna mtu mwingine alikwenda kuteka maji. Mwungwana wa Fife na mwungwana wa Mtoni wangeelewana kwa haraka kuliko tunavyodhani.

Jambo lililonifanya niandike insha hii, hata hivyo, halimo katika michoro. Mwaka 1807 Andrew Barnard alirudi Rasi peke yake kushika tena kazi ya ukatibu, na Oktoba mwaka huohuo akafia huko. Lady Anne alikuwa London. Baada ya msiba ndipo alipojua kwamba mumewe alikuwa amezaa mtoto wa kike na mwanamke mtumwa wa Rasi. Mtoto aliitwa Christina Douglas. Mjane huyo, aliyempenda mumewe kwa dhati na aliyekuwa hana mtoto, alimleta msichana yule London na kumlea nyumbani kwake.

Wanaomwandika Lady Anne huliweka tukio hili mwishoni kama taji la wema wake. Ulikuwa wema kweli, tena wa nadra. Mabibi wengi wa wakati ule wangefunga mlango na kuchoma barua. Ila tuligeuze upande wa pili. Mtoto alivuka bahari, mama yake hakuletwa. Utumwa uliendelea Rasi mpaka tarehe 1 Desemba 1834, na hata hapo waliachiliwa kwa masharti ya miaka minne zaidi ya kufanya kazi kwa mabwana walewale. Katika koloni ambalo Lady Anne alilichora kutoka kila pembe, habari iliyokuja kumgusa kuliko zote ilitoka upande ambao michoro yake iliwaweka watu pembezoni, wakiwa wamebeba kitu au wakiosha kitu. Baada ya kusoma habari za Christina, nilirudi kutazama zile sura ndogo za watumwa kwenye michoro iliyochapishwa, na sikuweza tena kuzitazama kama pambo la mandhari.

Sikuwa wa kwanza kusumbuliwa naye. Mshairi Antjie Krog wa Afrika Kusini alichapisha mwaka 1989 diwani ya Kiafrikana iitwayo Lady Anne. Alimtafuta mwanamke huyu awe kiongozi wake katika miaka mibaya ya ubaguzi wa rangi, kisha akavunjika moyo kwa kumkuta ni mtu wa tabaka lake, anayeona mengi na kubadilisha machache. Mimi sikumwendea nikiwa namtafuta kiongozi, kwa hiyo sikuvunjika moyo. Nilimwendea nikiwatafuta Wamasbieker. Karatasi zake zilikaa Scotland kwa ndugu zake kwa vizazi vingi, na pamoja nazo zilikaa humo sura za watu waliozaliwa labda siku chache za tanga kutoka kwetu.

Cape Town leo kuna uwanja uitwao Church Square. Tangu mwaka 2008 pana mawe kumi na moja meusi ya matale yaliyowekwa kuwakumbuka watumwa, na baadhi yamechongwa majina yao: majina waliyopewa na mabwana, mengine ya miezi, mengine ya miji walikotolewa. Majina hayo hayana sura. Kando yake limesimama jengo la Slave Lodge, lililojengwa mwaka 1679, ambamo VOC iliwalaza watumwa wake. Kutoka hapo hadi ngomeni ni mwendo mfupi kwa miguu, na Bustani ya Kampuni inaanza palepale ubavuni mwa jengo. Mwenye nafasi ya kuiona panorama ya Lady Anne aweke kidole kwenye ukuta wa ngome, akivute juu ya paa za mji kuelekea bustanini. Kabla hakijafika kwenye miti, kitapita hapo.